Baada ya Mizani ya Tumbaku

Mabasi mengi ya Arua huondoka Kampala usiku. Abiria anayefumbua macho kabla ya mapambazuko hujikuta Pakwach, kando ya Mto Nile, wachuuzi wa samaki wakiwa wameshainua masinia yao hadi usawa wa madirisha. Ukivuka daraja uko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hapa Pakwach ndipo reli ilipoishia. Ilifika mwaka 1964 ikitokea Tororo kupitia Lira na Gulu, ikabeba pamba na tumbaku, kisha baadaye treni zikaacha kuja. Kabla ya reli zilikuwepo meli za mvuke zilizopakia mizigo Butiaba, kwenye Ziwa Albert, zikateremka na mto kupitia Pakwach na Rhino Camp hadi Nimule. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, yakaimeza bandari ya Butiaba, na safari zile zikafia hapo.

Kwa hiyo watu wa huku walikwisha kuzoea kufungiwa njia muda mrefu kabla kampuni kubwa ya tumbaku haijafungasha virago.

West Nile haikuwahi kuwa nchi ya dohani ndefu na ving'ora vya zamu. Serikali ya kikoloni iliiona hasa kama ghala la vibarua: wanaume waliandikishwa, wakapelekwa kukata miwa Lugazi na Kakira. Tumbaku ndiyo iliyowapa wengi sababu ya kubaki nyumbani. British American Tobacco ilitoa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, ikakata deni lake siku ya kununua. Mkulima alijenga bani lake, akakausha majani kwa moto wa kuni usiku na mchana, akayachambua, akayafunga marobota na kuyafikisha kituoni. Ilikuwa kazi ya familia nzima, watoto wa shule wakiwemo, na ililamba misitu vibaya. Mikaratusi inayoonekana leo kando ya barabara nyingi ni sehemu ya juhudi za kufidia kuni hizo. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ilihamishia Kenya utengenezaji wa sigara. Mwaka 2013 ikajiondoa kwenye ununuzi na usindikaji wa majani nchini Uganda. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti tumbaku. Wanunuzi wengine wapo, na kilimo chenyewe hakijafa, ila ule mfumo mmoja uliomjua kila mkulima kwa namba yake umekwisha.

Kilichobaki ni magodauni, nyua na vibao vilivyofutika maandishi. Safari hii ilikuwa ya kutazama hivyo: kutoka Arua hadi Koboko, mwendo wa kama kilomita 55 za lami, nikijiuliza mji unafanya nini na mahali palipokuwa pakikusanya watu baada ya sababu ya kukusanyika kuondoka.

Godauni moja nililoingia lina kuta za tofali za kuchoma na paa la bati lililoota kutu kwenye mishono. Sakafu ya saruji imechimbika pembeni, ila katikati kuna mraba uliong'aa kwa kukanyagwa: hapo ndipo mizani iliposimama. Ukutani, kwenye usawa wa bega, bado kuna alama za chaki za madaraja ya majani, herufi na namba zilizoandikwa kwa haraka na mtu aliyejua hatasomwa na yeyote isipokuwa mwenzake. Harufu haijaondoka. Ukiegemea nguzo ya mbao, shati linatoka na utamu ule mzito wa jani lililokaushwa kwa moshi.

Mlinzi wa mahali pale, mzee aliyewahi kulima tumbaku mwenyewe, aliniletea kigoda. Nikamuuliza kama siku za kununua watu walikuwa wengi kweli.

"Mwanangu," akasema, "hata mbwa alikosa pa kupita."

Kisha akatoka nje, na hili ndilo lililonizindua: alipokuwa akieleza, hakuelekeza mkono kwenye godauni hata mara moja. Foleni ilianzia chini ya mwembe ule. Akina mama wa mandazi na chai walikaa upande huu, kwa sababu jua la mchana haliwafikii. Kinyozi alikuwa pale. Fundi baiskeli pale. Wadai walisimama langoni, maana huwezi kumkwepa mtu anayekungojea langoni na fedha ziko mfukoni. Chama cha kuzikana kilikusanya michango yake siku hiyo hiyo, kanisa nalo vilevile. Ndani ya godauni mkulima alikaa muda wa kupimiwa tu, moyo ukimdunda huku mteuzi akilishika jani, akilinusa, akilitupa kwenye daraja la chini. Maisha yote mengine yalikuwa uani.

Wasanifu wanaoitwa kufufua miji iliyopoteza viwanda huvutiwa na jengo. Ni rahisi kuelewa sababu. Mfano unaotajwa kila mahali ni Duisburg, Ujerumani, ambako kiwanda cha chuma kilizimwa mwaka 1985 na msanifu wa mandhari Peter Latz akakigeuza bustani iliyofunguliwa mwaka 1994. Tanuri ziliachwa zimesimama, kuta za maghala ya madini zikawa za kukwea, na tangi la gesi likajazwa maji ili wazamiaji wafanye mazoezi humo. Ni kazi nzuri mno. Lakini Duisburg ilikuwa na majitu ya chuma yasiyobebeka na serikali yenye fedha za kuyatunza. Hata Kilembe, huko Kasese, iliyoacha kuchimba shaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilirithi mji mzima uliopangwa na kampuni: nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mlimani, hospitali, shule. Arua na Koboko zilirithi nyua. Ukihangaika na godauni ukasahau ua, umeokoa mraba wa mizani ukapoteza mwembe.

Baadhi ya magodauni ya aina hii sasa huhifadhi mahindi na ufuta. Mengine husaliwa Jumapili. Mengine yana kufuli tu. Swali gumu ni la ardhi iliyo chini yake. Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile ni ya kimila, inashikiliwa na ukoo, na Katiba ya mwaka 1995 pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 vinautambua umiliki huo. Ukoo ulipotoa kiwanja kwa ajili ya kituo cha kununulia, mara nyingi ulitoa kwa neno la wazee, si kwa karatasi. Mnunuzi akiondoka, wajukuu wa waliotoa hurudi kudai, halmashauri nayo hudai, na katikati yao hutokea mtu mwenye hati ambayo hakuna anayekumbuka ilivyopatikana. Mchoro wa bustani ukiletwa kabla ya mvutano huo kuisha, unakuwa kuni.

Arua yenyewe imekulia katika mvutano wa namna hiyo. Boma lilianzishwa mwaka 1914, eneo hili lilipohamishiwa Uganda kutoka Sudan, na Waingereza wakaacha uwanja wa gofu karibu na katikati ya mji. Tangu Arua itangazwe jiji mwezi Julai 2020, kila kipande kilicho wazi kimepanda thamani. Uwanja wa gofu umekuwa ukimezewa mate na waendelezaji. Msitu wa Barifa, ulio ndani ya jiji, nao umegombewa kati ya wanaotaka miti na wanaotaka majengo na viwanja vya michezo. Hoja zote mbili zina uzito wake. Ila anayetembea Arua saa nane mchana mwezi wa Februari, upepo wa vumbi ukivuma na bati zikitoa mlio wa kujinyoosha, hahitaji kushawishiwa kuhusu kivuli.

Soko kuu jipya, lililojengwa katika mpango wa serikali wa masoko uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni jengo la ghorofa. Wauza nguo hawana shida na ngazi. Wauza mihogo na nyanya wana maoni tofauti: mteja wa kikapu hapandi juu kutafuta nyanya anazoweza kuzipata mlangoni, kwa hiyo biashara hiyo humwagika nje hadi barabarani, na askari wa jiji huwa na kazi. Si kosa la Arua peke yake. Masoko ya ghorofa yana tabia hiyo Afrika Mashariki nzima, na bado yanaendelea kuchorwa.

Kabla ya vituo vya mafuta kujaa kila kona, Arua ilikuwa na watu wake mashuhuri wa kandokando ya barabara, vijana walioitwa OPEC Boys. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporudi katika miaka ya 1980 hawakukuta ajira. Vijana wakaanza kuvusha mafuta kutoka upande wa Kongo na kuyauza kwa madumu. Ilikuwa magendo, hakuna ubishi. Lakini kila kituo chao, kivuli kimoja na benchi la mbao, kilikuwa pia mahali pa habari, pa ugomvi wa kisiasa, pa kukopeshana na pa kumpa kazi mgeni asiye na ndugu. Mtafiti Mbelgiji Kristof Titeca ameandika kwa kirefu jinsi kundi hilo lilivyokuwa na sauti katika siasa za mji. Benchi na kivuli viliwatosha kuanza, na sijui bajeti gani ya mipango miji inaweza kushindwa na bei hiyo.

Mpira nao umefanya kazi yake. Klabu ya Onduparaka, iliyotoka kwenye timu ya mtaani, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016, na uwanja wa Greenlight ukawa kwa muda mahali ambapo Mlugbara wa kijijini, Mnubi wa mjini, mkimbizi kutoka Yei, Sudan Kusini, na askari wa likizo walipiga kelele upande mmoja. Hakuna aliyewaita kwenye semina ya maridhiano.

Kuna mahali pa aina nyingine pia. Kilomita chache kutoka katikati ya Arua ni Ombaci, misheni ya Kikatoliki ambako tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua watu waliokuwa wamekimbilia humo kutafuta hifadhi, wengi wakiwa raia wasio na silaha. Kumbukumbu yao hufanyika hapo. Mpango wowote wa maeneo ya jamii West Nile unaoorodhesha viwanja vya michezo na vibanda vya biashara, ukaiacha Ombaci kwa sababu haiingizi mapato, umeandikwa na mtu asiyejua mji umetoka wapi.

Barabara ya Koboko ni nzuri. Ni sehemu ya njia ya lami inayotoka Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, na imebadilisha kila kitu kilichoko kando yake. Wilaya ya Maracha inapita kwa vilima na mashamba madogo ya mihogo. Hapa na pale bani la zamani limesimama bila paa, kuta zimeoshwa na mvua hadi zimekuwa na pembe za mviringo. Moja limekuwa zizi la mbuzi, jingine jiko. Wenye mabani hawakusubiri mradi wowote kuyapa kazi mpya.

Koboko ni mji wa Wakakwa, na kwa mgeni jina la kwanza linalotajwa ni la Amin, ambaye ukoo wake unatoka huku. Urithi huo uliugharimu. Oktoba 1980 wanajeshi wa zamani wa Amin walivuka kutoka Sudan na kuushambulia, majeshi ya serikali yakajibu, na wakazi wakakimbia kwa maelfu. Mji ulioko leo umejengwa upya na waliorejea. Uko karibu na mahali nchi tatu zinapokutana, na mtu anaweza kusikia Kiswahili, Kilingala, Kiarabu cha Juba, Kikakwa na Kilugbara kabla hajamaliza sahani ya ugali wa enyasa. Wapo pia wakimbizi wengi waliochagua kukaa mjini badala ya kambini. Utaratibu wa Uganda huwaandikisha wakimbizi kwenye makazi yaliyotengwa au Kampala, kwa hiyo aliyepanga chumba Koboko huchota maji ya Koboko na kusomesha mtoto Koboko bila kuhesabiwa kwenye bajeti ya Koboko. Anayechora kiwanja cha watoto kwa kufuata takwimu rasmi atachora kidogo.

Kinachoubeba mji sasa ni malori. Yanasimama kwa safu kandokando ya barabara kuelekea Oraba, madereva wakingoja karatasi, bei au habari za usalama wa upande wa pili. Chini ya trela moja utingo amefunga chandarua. Mwanamke amepanga majiko matatu ya mkaa kwenye kivuli cha trela jingine na anahamisha biashara kila kivuli kinapohama. Mchana kutwa amezunguka lori zima kama mshale wa saa. Vijana wanacheza ludo juu ya kasha. Hakuna choo karibu, na anayekitafuta huelekezwa kwa mkono usio na uhakika. Hapa mtu anauona ule ua wa tumbaku tena, foleni ikiwa ya magari, mteuzi akiwa ofisa wa forodha, na akina mama wa chai wakiwa palepale.

Mashariki ya Koboko, wilayani Yumbe, kuna makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, yaliyofunguliwa Agosti 2016 na kupokea kwa muda mfupi zaidi ya watu laki mbili kutoka Sudan Kusini. Humo limejengwa jengo la sanaa na muziki lililochorwa na kampuni ya Hassell pamoja na Localworks ya Kampala. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, jambo lenye maana katika nchi iliyomaliza miti yake kwa kukausha majani. Paa limeinamia ndani kama faneli, likikusanya maji ya mvua kwa matumizi ya watu. Ni jengo la kupendeza. Linalonivutia zaidi kuliko umbo lake ni kwamba paa hilo linampa sababu ya kufika hata mtu asiyejali muziki. Ana ndoo, anataka maji, na akifika anakuta watu.

Somo hilo linafahamika Nairobi. Huko Kibera, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa tangu mwaka 2006 likijenga na wakazi maeneo ya wazi kando ya mto, sehemu zilizokuwa jaa la taka, na kila eneo limebeba mchanganyiko wake wa vyoo, maji, ukumbi, mahali pa kuchezea na biashara ndogo. Maji na choo vinalipiwa, na fedha hizo husaidia kulipa fagio na balbu. Zanzibar, Forodhani ilipokarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, wauza urojo na mishikaki walirudishwa kwa mpangilio, taa zikawekwa, na bustani ikaendelea kulindwa na wale wale wanaoitegemea kwa riziki. Fedha za wahisani hupenda kununua vitu vinavyopigwa picha siku ya uzinduzi. Balbu ya miezi sita baadaye haina mhisani. Arua ilijua hilo kwa muda mrefu, ikiishi kwa umeme wa jenereta na wa mtambo mdogo wa Nyagak kabla gridi ya taifa haijafika: taa ya barabarani ilikuwa jambo la bahati.

Kama fedha zingetosha eneo moja tu kati ya Arua na Koboko, ningeiacha Arua ipigane na wanaoutaka uwanja wake wa gofu, maana ina wanasheria, ina redio, ina Chuo Kikuu cha Muni, na ina watu wa kupiga kelele. Ningeanza Koboko, kwenye maegesho ya malori. Uwanja wenyewe haungekuwa na jambo la ajabu: miembe iliyopo isikatwe hata mmoja, paa refu la kukingia jua la magharibi, baraza pana la tofali za kushindilia linalozunguka ili anayepika asihamehame, tangi la maji ya mvua, vyoo vyenye mlango wa wanawake unaotazama upande wenye watu na mwanga, na nafasi tupu katikati ya kutosha mpira wa vijana jioni na mkutano wa siasa wakati wa uchaguzi. Madereva wangelipia kuegesha. Akina mama wangekuwa na viti katika kamati, kwa kuwa ndio wanaofika wa kwanza na kuondoka wa mwisho.

Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu watu wanaomiliki ardhi kwa mila kuunda jumuiya ya ardhi ya pamoja, kuisajili, na kutenga sehemu ya matumizi ya wote. Ni kifungu kinachotumika kidogo mno mijini. Kwa hiyo kwenye daftari la matumizi mstari wa kwanza, juu ya saruji na bati, ungekuwa wa mpima ardhi na chai ya wazee wa ukoo, na ningeandaa chai ya vikao vingi.